Sindano moja haikumtosha Chausiku

Chausiku, mtoto wangu wa paka, alikuwa na miezi mitatu. Asubuhi moja aliinamia bakuli la maji akabaki vivyo hivyo, kidevu kimegusa ukingo, macho yameingia ndani, ulimi hautoki. Usiku alikuwa ametapika povu la manjano, nikadhani amekula mjusi. Nilimkimbiza kwa daktari wa mifugo, akatundikiwa maji, lakini alfajiri ya pili hakuwepo tena.

Ulikuwa ugonjwa wa panlukopenia, ambao huangamiza chembe nyeupe za damu na kuharibu utumbo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amechanjwa! Alidungwa akiwa na wiki 8, nikapewa kadi, nikaitia kwenye droo. Tarehe ya kurudi ilikuwa imeandikwa humo. Sikuitazama.

Daktari alinieleza jambo ambalo natamani kila mfugaji wa paka alijue. Mtoto wa paka hupata kinga kwenye maziwa ya kwanza ya mama yake. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huizima chanjo isifanye kazi. Kwa mmoja huisha mapema, kwa mwingine hukawia hadi wiki ya 16, na kwa macho huwezi kujua. Kwa hiyo sindano hurudiwa: ya kwanza kati ya wiki 6 na 8, kisha kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16 au zaidi. Anaongezewa nyingine kati ya miezi 6 na mwaka mmoja. Ukubwani, paka wa ndani hutosheka na dozi moja kila miaka 3. Anayezurura mitaani, mwulize daktari.

Sindano hiyo hiyo hukinga pia mafua ya paka. Haiyazuii moja kwa moja, ila makali yake hupungua sana.

Ukiokota paka mkubwa usiyejua historia yake, mhesabu kuwa hajachanjwa: dozi mbili zilizopishana wiki 3 hadi 4. Kama ana mimba, sema kabla hajadungwa, maana chanjo hai, yaani yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, inaweza kudhuru ubongo wa watoto walio tumboni.

Kichaa cha mbwa kina chanjo yake, kuanzia wiki 12. Paka naye hukipata na kukiambukiza. Ukiumwa na paka usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Nyumbani nilichoma mkeka wa Chausiku na kudeki kote kwa jiki, kwa sababu virusi vya panlukopenia huweza kukaa sakafuni hadi mwaka na sabuni ya kawaida haiviui. Tunu, paka wangu mpya, nilimleta baada ya kumaliza chanjo zake zote kule alikozaliwa. Sindano ya mwisho alidungwa akiwa na wiki 17. Siku iliyofuata alishinda amelala, na magharibi akaja jikoni kudai dagaa.