Maswali ya Wasomaji: Mgeni kwenye Gemu za Mtandaoni

SWALI: Ndugu mhariri, nimeanza kucheza Albion Online kwa simu na sasa navaa vifaa vya ngazi ya 4. Niliomba gildi tatu (vikundi vya wachezaji): mbili kimya, ya tatu ikanitoa baada ya kuingia pango moja la maadui, bila neno. Kaka yangu anacheza Final Fantasy XIV, na akisema ndiyo mara yake ya kwanza pangoni, watu wanafurahi. Hawa wa kwangu wana roho mbaya? – Chipukizi, Tabata

JIBU: Kabla ya kulaumu roho zao, angalia gemu inamlipa nani. Kwenye Final Fantasy XIV, kikosi chenye mtu anayeingia pango kwa mara ya kwanza hupata bonasi, wakongwe wakiwemo, na mgeni huwekewa alama ya chipukizi pembeni ya jina lake ili ajulikane. Kaka yako anawaletea wenzake faida. Kwenye mapango ya Mythic+ ya World of Warcraft, yaliyoanza 2016, wanaingia watu watano huku muda ukihesabiwa. Muda ukiisha kabla hamjamaliza, kwa kawaida ufunguo wa kufungulia pango, wa yule aliyeuleta, unashuka daraja. Huko hata wachezaji wapole huchagua sana.

Albion ni kali zaidi. Ukiuawa ukanda mwekundu au mweusi, yaani maeneo ya hatari ya ramani, sehemu ya vitu ulivyovaa na kubeba huharibika, na vinavyosalia anachukua aliyekuua. Mgeni mmoja anayekimbia hovyo anaweza kuwafilisi wenzake jioni hiyohiyo, kwa hiyo gildi hubana mlango. Wapo pia wajeuri tu, tusidanganyane.

Kilichokutoa hatukijui, ila makosa ya wageni ni yaleyale. La kwanza ni kushambulia kabla ya tanki, yule anayetangulia kupokea kipigo: adui wanakugeukia wewe, mponyaji anamaliza nguvu zake kukuokoa, tanki anabaki bila msaada. La pili ni kusimama mbele ya bosi, mahali ambapo tanki peke yake ndiye anayestahimili kipigo. La tatu ni bando kuisha katikati ya pambano. Wewe unajua ni bando. Wao wanaona mtu amewatoroka. Nunua bando kabla ya kuingia, na simu iwe na chaji ya kutosha endapo umeme utakatika.

Ombi lako lisiishie kwenye “naomba kujiunga”. Taja silaha unayotumia, feimu (pointi za maendeleo) uliyofikisha, kama una maikrofoni, na saa unazocheza. Hapo kwenye saa wengi wa Dar wanakosea: saa ya gemu ni UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), kwa hiyo tangazo la 18:00 ni saa 3 usiku kwetu. Ukiisoma kama saa 12 jioni, utasubiri saa tatu peke yako na kudhani umetengwa. Kama hujajifunga na silaha moja, jaribu fimbo ya uponyaji. Mponyaji hakosi kikosi, hata akiwa mgeni.

Hakikisha pia seva uliyoichagua ndiyo unayoitaka. Albion ina seva za Amerika, Asia na, tangu 2024, Ulaya. Mhusika wako hahami kutoka moja kwenda nyingine, basi amua mapema. Kwa mtu wa Dar ya Ulaya ndiyo tunayoipendekeza, isipokuwa kama marafiki zako wote wako kwingine.

SWALI: Kuna jamaa simfahamu, amenipa upinde bure kwenye Albion. Sasa ananiambia nivae vifaa vyangu vya thamani twende kuwinda ukanda mweusi. Niende? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Usiende na hivyo vya thamani. Ni mtego wa siku nyingi: zawadi ndogo, urafiki wa haraka, kisha unafikishwa mahali wenzake wamekusubiri, na wanagawana ulivyovaa. Anayetaka kukufundisha kweli atakwambia uvae vya bei rahisi.

Ukitamani kuona huko kukoje, vaa seti unayoweza kuinunua tena mara tano bila kuumia, na akiba yako iache benki ya mji. Ujuzi uliopanda haupotei ukiuawa. Mazoezi ya kupigana na watu yaanzie ukanda wa njano, ambako ukishindwa unaangushwa tu na vifaa vyako vinabaki kuwa vyako. Na jamaa huyo akikuomba umwazime farasi “dakika mbili tu”, mwambie akanunue wake sokoni.