Waulize wamevunjika wapi kabla ya kuwasomea vihatarishi

Ndugu mwanzisha uzi, weka kando hizo slaidi 22. Umeuliza somo la osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika na kuvunjika kirahisi, kwa wazee lichukue muda gani, utumie picha zipi, na kama ni sahihi kuanza na kalsiamu. Mimi nilianza na kalsiamu, na hapo ndipo nilipoharibu.

Nilisimama mbele ya wazee wapatao 30, nikawasomea vihatarishi, yaani mambo yanayoongeza uwezekano wa kuupata ugonjwa huu, kimoja baada ya kingine: umri, ukomo wa hedhi, sigara, pombe, wembamba uliopitiliza, mzazi aliyewahi kuvunjika nyonga. Walitikisa vichwa nami nikaridhika, kumbe kila mmoja alidhani anasemwa jirani yake. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye pumu, alipotoa leso ilichomoka pamoja na pakiti ya prednisoloni, vidonge vya steroidi vya kutuliza uvimbe alivyokuwa akimeza kila siku kwa zaidi ya mwaka. Niliiona, nikaendelea kusoma. Miaka 2 nyuma alikuwa amevunjika kifundo cha mkono kwa kujikwaa tu kwenye zulia, jambo ambalo hakulitaja kwa sababu sikumuuliza. Alirudi nyumbani akiamini kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake na kwamba maziwa yatamtosha. Baada ya miezi 4 aliteleza bafuni, akavunjika nyonga.

Aliyenifundisha kazi hii ndiye aliyesisitiza kuwa wanaume wasitiwe hofu, na kuwa kuuliza habari za dawa na ajali ni kazi ya daktari peke yake. Nilimwamini kwa kuwa alivaa tai. Mimi sikuwa na tai, ila ujinga nilikuwa nao wa kutosha.

Uliza kwanza, ndipo ufundishe. Muulize kila mmoja, kando na wenzake, mfupa gani umevunjika tangu afikishe miaka 50, na alianguka vipi. Aliyevunjika kwa kuanguka tu akiwa amesimama anapaswa kupelekwa akapimwe mifupa, si kupewa kipeperushi. Kisha akuonyeshe dawa zake zote, kwa sababu prednisoloni inayomezwa kwa miezi 3 au zaidi hudhoofisha mifupa, tena kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Usimwambie aiache, maana kuikatiza ghafla ni hatari. Mwelekeze kwa daktari wake. Aliyepungua kimo kwa sentimita kadhaa naye mwandike, kwani huenda pingili za mgongo zimebonyea bila yeye kujua. Karatasi hiyo ya majibu ndiyo itakayokuonyesha ni slaidi zipi zibaki.