Siki haijatoa povu, je udongo wangu uko sawa?

SWALI: Mtaalamu, niko Kakamega, nina kashamba nyuma ya nyumba. Sukuma wiki imedumaa na maharagwe yanageuka njano na mbolea ya DAP naweka kila msimu. Niliona watu wanapima asidi nyumbani, nikamwagia udongo siki, kimya, nikajaribu beking soda, pia kimya. Si basi udongo uko sawa? Jirani anasema nimwage tu jivu.

JIBU: Hapana dada, bado hujajua. Siki inatoa povu kama udongo una chokaa ndani yake, na udongo mwekundu wa huko kwenu wenye mvua nyingi karibu wote hautatoa. Beking soda nayo inachemka asidi ikiwa kali sana, mara nyingi pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) chini ya 5, kwa hiyo unaweza kuwa na 5.3 na usione hata tone la povu wakati mboga zinateseka. Mboga nyingi zinataka 6 hadi 6.8. Ukishuka chini ya 5.5 aluminiamu iliyo kwenye udongo inayeyuka na kuumiza mizizi, halafu fosforasi, kirutubisho kikubwa cha DAP, inashikwa, yaani ile DAP unayonunua kwa pesa nyingi mmea hauipati, na DAP yenyewe inaongeza asidi kila mwaka!

Nunua karatasi za kupimia pH. Chimba sentimita 15 hadi 20, sehemu kama sita hivi, usichukue mahali palipochomwa takataka, changanya, kausha kivulini. Kijiko kimoja cha udongo kwa viwili na nusu vya maji ya mvua (ya kisima huwa yana chumvi zake, yatakudanganya), koroga, acha itulie nusu saa, chovya kwenye maji yaliyotakata juu. Hiyo itakuonyesha uko wapi, lakini kiasi cha chokaa cha kuweka ni maabara ndiyo inakuambia vizuri, na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wako hapo hapo Kakamega, mimi ningepeleka.

Kama ni chini ya 5.5 na huwezi kungoja maabara, anza na kilo moja ya chokaa ya kilimo kwa mita 4 za mraba, ichanganye na udongo kabisa, mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda. Ya kujengea achana nayo, ni kali. Jivu la kuni linasaidia kweli, ila nguvu yake ni kama nusu ya chokaa au chini na inategemea kuni, na tafadhali usilichanganye na DAP wala yurea, naitrojeni nyingi itapaa hewani. Kwenye viazi mviringo usiweke, vinaweza kupata ukoko, ule ugonjwa wa magamba kwenye ganda.

DAP badilisha, pandia TSP (mbolea ya fosforasi) na samadi iliyooza, kukuzia tumia CAN (mbolea ya naitrojeni). Chokaa inafanya kazi polepole, pima tena baada ya msimu mmoja kabla hujaongeza nyingine.