Njiti, leso na udi: majibu ya wiki hii

*Wifi yangu kajifungua njiti, mtoto kabla ya wakati, mimba ikiwa na wiki 31, mtoto ana gramu 1,300. Mama mkwe asema wa miezi saba huishi, wa minane haishi. Ni kweli? (Bi wa Langoni, Lamu)*

Mama mkwe umheshimu, ila hesabu hiyo aiache. Kila wiki tumboni humkomaza mtoto mapafu, kwa hiyo wa minane ana nafasi kubwa kuliko wa saba. Aliye chini ya gramu 1,500 ni mdogo mno: baridi, pumzi na maambukizi ndivyo maadui wake. Baridi dawa yake ni kifua cha mama. Mtoto avae nepi na kofia tu, ngozi kwa ngozi, wafungwe kwa leso. Mtindo huu wa kangaruu ulianzia Bogotá, Colombia, 1978. Zamani tulingoja mtoto atulie kwanza. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani lasema aanzwe mara azaliwapo, masaa 8 hadi 24 kwa siku. Wifi akichoka, baba naye ana kifua, na leso haimwaibishi. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, isimwagwe hata tone; asiyeweza kunyonya hupewa kwa mpira mwembamba wa kulishia au kikombe, wauguzi watawaonyesha.

*Mke wangu alizaa njiti mwaka jana. Alikosea nini? (Baba, Malindi)*

Mara nyingi hakukosea kitu, wala si jicho la mtu. Presha na kifafa cha mimba, malaria inayojificha kwenye kondo, upungufu wa damu, maambukizi ya mkojo, mapacha: hayo huja bila kuitwa. Mimba ijayo ingoje angalau miezi 24 baada ya uzazi ule. Aanze kliniki mapema, alale ndani ya chandarua, na huku pwani asikose dawa ya kukinga malaria kuanzia wiki ya 13. Kichwa kikimgonga, macho yakaona ukungu, uso ukavimba, ni hospitali siku hiyohiyo.

*Uchungu ukianza mapema huku Kizingitini, kisiwani Pate, tungoje azaliwe ndipo tupande boti?*

La! Chombo bora cha kumsafirishia njiti ni tumbo la mamake. Hospitalini, kati ya wiki 24 na 34, daktari aweza kumdunga mama sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, nayo yataka saa kadhaa kabla ya kuzaliwa ifanye kazi.

*Udi na asali je, mtoto akiwa ndani ya arobaini?*

Udi ufukizwe chumba kingine. Asali asipewe mpaka atimize mwaka.