Jibu: Kosa mara nyingi liko juu ya mstari unaotajwa

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini ukurasa wako wa ratiba ya boti za Mokowe na Lamu umepoteza kiungo bila kivinjari kulalamika, huku kitufe cha nauli kikiwa hakifanyi kazi na kosa likitajwa kwenye mstari wa 42 usio na kasoro. Hayo ni matatizo mawili, na kila moja lina njia yake ya kutafutwa.

HTML, lugha inayopanga yaliyomo kwenye ukurasa, haikemei. Ukiandika `<a href="mokowe.html>Ratiba</a>`, pasipo kufunga alama za kunukuu, kivinjari hakisimami. Huendelea kumeza maneno kama sehemu ya anwani hadi kikutane na alama nyingine kama hiyo, na kwa hiyo kiungo hutoweka pamoja na maandishi yanayokifuata. Anza kukagua pale ambapo kitu cha mwisho kimeonekana sawasawa. CSS, lugha ya rangi na mpangilio, nayo ni kimya: ukisahau nukta-mkato (;) baada ya `color: navy`, hupotezi rangi peke yake, bali hata `padding: 12px` ya mstari wa chini, kwa kuwa zote mbili husomwa kama tamko moja lisiloeleweka. Kikaguzi cha W3C (shirika la viwango vya wavuti), validator.w3.org, ni cha bure, nami hukipitishia kila ukurasa wa nyumba za wageni za Shela kabla ya kuukabidhi kwa mwenyewe.

JavaScript, lugha inayofanya vitufe kama chako cha nauli vifanye kazi, ndiyo kali. Kosa moja la sintaksia, yaani kanuni za uandishi wa lugha hiyo, huzuia faili zima lisitekelezwe, hata mistari sahihi iliyotangulia. Bonyeza F12 ufungue konsoli, sehemu ya kivinjari inayoorodhesha makosa, lakini fahamu kwamba nambari inayotajwa ni mahali kivinjari kiliposhindwa kuendelea; mabano yaliyoachwa wazi mstari wa 39 yanaweza kulalamikiwa mstari wa 42, au mwisho kabisa wa faili.

Tazama pia alama za kunukuu zilizopinda, “ ”, ambazo Word huziweka yenyewe na ambazo nimezikuta mara nyingi kwa vijana wanaonakili msimbo kutoka kwenye hati za masomo. Kwa jicho ni zilezile, kwa JavaScript ni takataka; zifute, uziandike upya ndani ya kihariri.

Ukikwama, fungia nusu ya msimbo wa JavaScript kati ya `/*` na `*/`, alama zinazofanya kivinjari kiipuuze, kisha upakie ukurasa upya. Lalamiko likitoweka, kosa limo humo. Igawe pale tu fankisheni (fungu la msimbo lenye kazi moja) inapoishia, la sivyo utatenganisha mabano na kujizulia kosa jipya.