Maswali yenu kuhusu wimbo "Zombie" wa The Cranberries

Je, wimbo huu unahusu misukule na mambo ya kichawi?

Hapana, unahusu watoto wawili waliouawa kwa bomu. Jumamosi ya tarehe 20 Machi 1993, mkesha wa Siku ya Mama nchini Uingereza, mabomu mawili yaliyotegwa na IRA, kundi lililopigana kwa silaha ili kuitoa Ireland ya Kaskazini mikononi mwa Waingereza, yalilipuka ndani ya mapipa ya taka katika mtaa wa maduka mjini Warrington, Uingereza. Mtoto wa miaka 3 alifariki papo hapo, na mwenzake wa miaka 12 akafariki siku chache baadaye. Dolores O'Riordan, mwimbaji wa bendi hiyo ya Limerick, Ireland, aliandika wimbo kwa uchungu wa tukio hilo, nao ukatolewa Septemba 1994. Msukule anaoutaja ni mtu anayeua kwa sababu ugomvi wa kale bado unamtawala kichwani.

Mbona anautaja mwaka 1916?

Mwaka huo, wakati wa Pasaka, wazalendo wa Ireland waliasi mjini Dublin, na Waingereza wakawapiga risasi viongozi wao wengi. Wimbo hauwatukani, unasema tu kwamba kisa ni kilekile tangu wakati huo.

Nimesikia kwamba aliwasaliti Waairishi wenzake. Ni kweli?

Shutuma hiyo ipo, na ilizuka upya mwaka 2023, mashabiki wa Ireland walipouimba wimbo huu katika Kombe la Dunia la Raga nchini Ufaransa. Wanaolalamika husema kwamba unawalilia waliouawa na IRA na kuwanyamazia waliouawa na askari wa Uingereza, kama wale waandamanaji wa Derry, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1972. Hoja yao ina uzito, kwani wimbo ulizaliwa na msiba mmoja tu. Hata hivyo, msikilize anapotaja silaha: pamoja na mabomu na bunduki anataja vifaru, na IRA haikuwa na vifaru. Anaposema kwamba si yeye wala si jamaa zake, mimi simsikii akiikana nchi yake, bali namsikia akiwakatalia watu waliojipa ruhusa ya kuua kwa niaba yake bila kumuuliza.

Bendi iliyoimba "Linger" kwa upole ilipataje ukali huu?

Dolores mwenyewe ndiye aliyetaka magitaa yanayonguruma. Muziki wenyewe ni kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) nne tu zinazojirudia tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo kazi kubwa inabaki kooni: katika kiitikio sauti inakatika ghafla kutoka kifuani kwenda juu, karibu na kwikwi ya mtu anayelia, na sijasikia mwigaji aliyeipata sawasawa.

Yule mwanamke wa dhahabu kwenye video ni nani?

Ni Dolores, amepakwa rangi ya dhahabu na kusimama mbele ya msalaba, akizungukwa na wavulana waliopakwa rangi ya fedha. Mwongozaji, Samuel Bayer, alichanganya picha hizo na nyingine za Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini, ambako watoto wanacheza na askari wa doria wanapita na bunduki zao.

Una uhusiano na "Zombie" wa Fela Kuti?

Hauna. Fela aliwakejeli wanajeshi wa Nigeria wanaotii kila amri, tena miaka ya sabini.

Toleo la Bad Wolves lilitokeaje?

Bendi hiyo ya Marekani ilibadilisha maneno, ikaweka 2018 mahali pa 1916 na kuongeza ndege zisizo na rubani. Dolores alikubali kushiriki, lakini alifariki London tarehe 15 Januari 2018, siku ileile aliyopangiwa kurekodi. Bad Wolves waliutoa wimbo siku chache baadaye, kisha wakawapa watoto wake watatu dola 250,000 zilizotokana na mauzo.