Nimfuge au nimwachie aende?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 22, naishi Gede. Juzi nilimkuta nyoka mdogo wa kahawia stoo, nikamtia kwenye ndoo ya rangi, mfuniko nikautoboa matundu. Namshika wala hang'ati. Nampa maziwa na vipande vya nyama, lakini hali. Mama ameapa hakanyagi stoo mpaka nyoka atoke. Nimemzoea. Naweza kumfuga?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hongera, maana wengi wangeshika panga kabla hata ya kumtazama. Lakini kumfuga, hapana.

Hayo maziwa mwaga. Nyoka humeza windo zima, na mdogo kama huyo hutafuta mijusi na vitoto vya panya. Akikamatwa porini mara nyingi hugoma kula kwa woga, na huo upole unaousifu huenda ni woga huohuo.

Kilichonitia baridi ni hilo la kumshika. Kama ana mistari hafifu kichwani na mboni zilizosimama wima, anaweza kuwa yule asiye na sumu anayeingia majumbani kufuata panya. Anaweza kuwa, sikusema ndiye! Yupo mwingine mdogo, mweusi au kahawia iliyokoza, anayeishi ardhini. Huyo hata ukimbana shingo hutoa jino pembeni mwa mdomo akakuchoma kidole, na sumu yake haina dawa ya kuizima. Usijidanganye kwa udogo. Mwaka 1957 kule Chicago, Karl Schmidt, bingwa wa nyoka, aliumwa na nyoka mchanga wa Afrika aliyepelekewa amtambue. Kesho yake akafa.

Halafu kuna serikali. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali, na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawatakuuliza kama mmezoeana.

Basi usimguse tena. Mfuniko uukaze, ndoo iweke kivulini, uwapigie Bio-Ken hapo Watamu, jirani zenu, ambao kuondoa nyoka majumbani ni kazi yao. Wakishamchukua, mwonyeshe mama stoo tupu, kisha mzibe mianya na kuwamaliza panya, la sivyo atakuja mwingine.

Na ukiwaona hao wa Bio-Ken, waulize kama wanapokea vijana wa kujitolea. Hamu yako ya nyoka mimi sioni ubaya wake.